Mabango tisa na ukuta mmoja

2 Juni

Baraza la wazee limepitisha. Ukumbi wa usharika utapata mabango tisa ya historia, kila moja lisizidi maneno 90, na yote yawe yametundikwa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Pesa ni kidogo lakini ipo. Nimepewa ukatibu kwa sababu kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za nyumba, na kwa maneno ya mzee mmoja wa baraza, mchoraji hakosi kujua historia. Sikumbishia. Ningembishia, tungekuwa bado tumekaa mpaka sasa.

Chanzo chenyewe ni swali. Mwezi wa Aprili, darasani kwa kipaimara, kijana mmoja aliuliza sisi Walutheri tuliingia Zanzibar lini. Nikamjibu juu juu kwamba wazazi wetu walikuja kikazi kutoka bara, askari, walimu, wauguzi, wakaanza kusali pamoja, ndio usharika. Akasema, "Kumbe hapa sisi wapangaji." Wenzake wakacheka. Mimi nimezaliwa Unguja, nimesoma skuli za Unguja, na neno lile lilinikwama kooni hadi nikafika nyumbani.

Na kanisa letu halimsaidii mtu kubisha. Matofali ya saruji, bati, madirisha ya chuma, msalaba wa mbao uliopakwa vanishi. Hajawahi kusimama mtalii hapo nje akapiga picha. Watalii huteremka Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana, wanazunguka, wanarudi hotelini kwao.

11 Juni

Bango la kwanza limeandikika kwa jioni moja, jambo ambalo sikulitarajia.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mlutheri wa Württemberg, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, akaajiriwa na CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza. Januari 1844, kabla hajafanya makao Mombasa, alitua Zanzibar. Seyyid Said bin Sultan akampokea na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mtawala Mwislamu anamwandikia padri barua ya kupita salama! Hilo nimelipigia mstari. Krapf akaenda Mombasa, na Julai mwaka uleule akamzika huko mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg vilevile, wakafungua kituo Rabai.

Kwa hiyo Mlutheri huyu alishuka hapa miaka 20 kabla ya misheni ya Waanglikana kuhamia Unguja. Hakuacha hata jiwe juu ya jiwe, lakini alishuka. Nimemsomea yule kijana rasimu kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mbona wao ndio wana kanisa kubwa?"

Swali la pili limezaa bango la pili.

19 Juni

Jibu lake ni mkataba. Chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kilimpeleka Johann Jakob Greiner Dar es Salaam mwaka 1887. Wakati huo Wajerumani na Waingereza walikuwa bado wanaivutia kamba Zanzibar. Tarehe 1 Julai 1890 wakaandikiana: Ujerumani ikachukua kisiwa cha Helgoland kule Bahari ya Kaskazini, ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Baada ya hapo misheni ya Kilutheri ikaelekea bara, iliko bendera yake. Kanisa la Azania Front lilianza kujengwa 1898, kule ukingoni mwa bandari ya Dar. Aliyewahi kupanda boti analijua: kabla hujakanyaga nchi kavu unauona mnara wake na vigae vyekundu. Sisi tumebaki upande wa pili wa maji yaleyale.

KKKT yenyewe, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliundwa 1963 kwa kuungana makanisa saba, na Zanzibar tukawekwa Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Hayo nimeyapa sentensi mbili. Baba Mchungaji angependa ziwe sita. Nimemwambia aone kwanza maneno 90 yanavyokwisha upesi.

6 Julai

Nimewapeleka wanafunzi 14 Mkunazini. Tumeomba ruhusa mapema, tumepokewa vizuri. Nilitaka wasisikie historia kwanza, waone jengo. Nimewapa kila mmoja karatasi na penseli na kazi moja tu: andika kitu kimoja usichokielewa.

Karatasi tisa kati ya 14 zilikuwa na kitu kilekile: nguzo.

Ukiingia kwa mlango wa magharibi, penye birika la ubatizo, kuna nguzo 12 za marumaru. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hilo, alikuwa safarini mafundi walipozisimamisha, na waliziweka kichwa chini miguu juu. Aliporudi akaziacha. Sasa mtu akikuhadithia hivyo unaweza kudhani ni maneno ya kuchekesha wageni. Lakini watoto walikuwa hawajahadithiwa kitu. Binti mmoja, baba yake seremala, aliinama, akatazama chini, akatazama juu, akaandika: "Hii mbona imevaa kofia mguuni?" Anachosema ni kwamba ule mkunjo mpana na mzito unaofaa kubeba uzito chini uko juu, na uliostahili juu uko chini. Tako na kichwa vimebadilishana. Na bado zimebeba, mwaka wa mia na arubaini na ushei.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya paa. Hapa nitakaa kidogo, wasomaji wa shajara hii wanisamehe.

Nyumba za Mji Mkongwe ni kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kujipendekezea. Mkoko ukifika kipimo chake umefika, basi. Ndio maana ukiingia nyumba ya kale Shangani au Malindi unakuta vyumba virefu kama ushoroba lakini vyembamba: upana wa chumba haukupangwa na mwenye nyumba, ulipangwa na mti. Mimi huchora marekebisho ya nyumba hizo na kila mara mteja huniuliza kwa nini hawezi kupata sebule pana bila kuongeza nguzo. Namwambia amuulize mkoko.

Steere aliikataa boriti. Paa la Mkunazini ni tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu likafunikwa juu ya kuta, na limemiminwa kwa vipande vya matumbawe na saruji ya Portland. Saruji hiyo ilitoka ng'ambo kwa meli, jiwe lilitoka hapahapa. Simama katikati, tazama juu: hakuna mbao inayokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa mji uliozoea kuhesabu boriti kichwani, lile lilikuwa jambo la kutisha. Mchoro wa awali ulikuwa na mkono wa C. F. Hayward, msanifu wa Uingereza, lakini aliyesimama juani na mafundi ni askofu mwenyewe. Madirisha yamechongoka juu Kizungu, na hapa na pale kuna mkono wa fundi wa pwani ambaye hakuulizwa Kizungu ni nini.

Kijana wa "wapangaji" aliandika: "Sielewi kwa nini halianguki." Nimemwekea karatasi yake. Bango la nne litaanza na swali hilo.

7 Julai

Nyongeza ya jana, maana nilichoka. Tarehe za Mkunazini kama zitakavyokaa kwenye bango la tatu: Juni 1873 Sultani Barghash anatia saini mkataba na Uingereza, soko la watumwa linafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi linawekwa pale sokoni, na sehemu ya ardhi imetolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Krismasi ya 1877 inasaliwa ibada, kazi ya ujenzi ikiendelea. Agosti 1882 Steere anafariki, anazikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, ndipo panapoambiwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa.

Rasimu ya mwanzo niliandika "1873, mwaka utumwa ulipokomeshwa Zanzibar". Nimefuta. Kilichofungwa 1873 ni soko na usafirishaji kwa bahari. Utumwa wenyewe ulibaki halali hapa hadi Aprili 1897. Yaani kengele za kanisa hili zilishapigwa karibu miaka 20, na mashambani kwenye mikarafuu bado kulikuwa na mtu mwenye mtu. Bango lenye kosa hilo nimeshaliona mahali kwingine, limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

20 Julai

Ugomvi wa kwanza wa kamati. Mzee wetu mmoja ni mwongoza watalii wa miaka mingi, ananiita mwanangu, namwamkia kwa mikono miwili. Yeye anataka bango la vile vyumba vya chini, karibu na kanisa, vinavyoonyeshwa kuwa walifungiwa watumwa wakisubiri kuuzwa. Anaeleza vizuri hata mimi nywele zinanisimama: giza, minyororo, maji ya bahari yakipanda.

Tatizo ni kwamba wapo wanahistoria waliolihoji hilo, kwa hoja ya wazi: jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa. Nikamwambia. Akaniangalia kama niliyemwambia baba yake si baba yake.

"Sasa mwanangu, unataka kusema watumwa hawakuwapo?"

"Hapana, babu. Walikuwapo na soko lilikuwa pale. Ninachokataa ni kuandika chumba kama sina hakika na chumba."

"Mgeni anahitaji kuingia mahali. Hawezi kulia kwenye kiwanja kitupu."

Hilo sikuwa na jibu lake, na bado sina. Tumekubaliana bango la tano lihusu kumbukumbu ya uani: sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni mnyororo wa zamani, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, 1998. Ile haijidai kuwa kitu ambacho si chenyewe, na mgeni anaweza kulia pale. Mzee akauliza kama huyo Msweden alikuwa Mlutheri, ili tumdai. Nimemwambia tuseme tu Msweden.

Habari ya kwamba Sultani alitoa saa ya mnara kwa sharti mnara usiipite Beit al-Ajaib, jumba lake, kwa urefu, tumeiandika kwa "husimuliwa". Beit al-Ajaib ni ya 1883, kwa hiyo mnasaba wa tarehe upo karibu, lakini "husimuliwa" itabaki.

3 Agosti

Mbweni, na kundi dogo. Watu wanne tu, upepo wa kusi, daladala mbili.

Mbweni hakuna msongamano. Misheni ilinunua shamba pale 1871 ili wapate pa kuishi watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu 1882. Skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria imebaki magofu, mizizi imeshika matao. Aliyeiongoza, Caroline Thackeray, aliishi na kufa Mbweni, 1926. Nimeketi kwenye kivuli cha kanisa nikachora mlango.

Kinachonigusa Mbweni ni kipimo. Mkunazini lilijengwa ili lionekane na mji. Hili lilijengwa kwa watu waliokuwa tayari wanakaa mlangoni pake, waliotoka makabila ambayo mengine hayakujuana lugha, wakapewa viwanja, majembe, na Kiswahili. Ukitaka kumwambia mtoto wa kipaimara maana ya neno usharika, mlete hapa, sio Mkunazini. Nimeliandika bango la sita palepale, kwenye goti, na sijabadili neno. Ni la maneno 74.

17 Agosti

Bango la saba nimeliita "Unachosema Jumapili". Krapf alikusanya Kiswahili cha Mombasa, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Steere alisikiliza Kiunguja: 1870 alishatoa kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa hapa mjini, kisha akaongoza tafsiri ya Agano Jipya, na misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, vijana waliokombolewa wakijifunza kupanga herufi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliposhika Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ukawa umeamua pia tutasali kwa lahaja ipi. Biblia ya muungano ya 1952, ambayo bibi zetu wameishona tena jalada kwa uzi wa gunia, imetembea njia hiyo.

Kwa hiyo Mlutheri wa Moshi akisoma somo la Jumapili, anasoma kwa ulimi uliosikilizwa Unguja. Nimemwambia yule kijana: wapangaji ni wao. Amecheka, nimeona ameanza kunizoea.

Bango la nane ni msalaba wa Chitambo. Livingstone alifariki Mei 1873, moyo wake ukazikwa chini ya mti kijijini Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, ukavushwa Zanzibar, ukazikwa London Aprili 1874. Kutokana na mti ule ndio ulichongwa msalaba uliomo Mkunazini. Majina ya Chuma na Susi nimeyaandika kwa herufi sawa na ya Livingstone. Bango la tisa ni ramani, nimeichora mimi, na Minara Miwili ya Wakatoliki (1893 hadi 1898) imo.

Septemba na Oktoba

Kuomba bei, kusubiri bei, kusahihisha. Mchapaji wa kwanza alirudisha "Mkunanizi" mara tatu. Tumehamia kwa mwingine. Hakuna la kuandika.

9 Novemba

Tumetundika! Mabango yote tisa, ubao mwembamba, karatasi imebandikwa na kupitishwa plastiki juu, misumari ya zege, ukuta wa kusini wa ukumbi kwa sababu ndio mrefu. Nimepima kwa futi kamba na pima maji, yamenyooka kama mstari wa daftari. Wiki tatu kabla ya Majilio. Nimejisifu, naandika ili ikumbukwe kwamba nilijisifu.

23 Novemba

Vuli imekuja na hasira zake. Leo baada ya ibada nimeingia ukumbini. Mabango la pili, la tatu na la nne yamevimba upande wa chini, plastiki imeinuka, na nyuma yake ukuta una unga mweupe kama uliopakwa chumvi. Nimeuramba. Ni chumvi. Rangi inabanduka kwa magamba, na ukigonga lipu inalia kwa utupu, ko ko ko, hadi usawa wa kiuno changu.

Bango la nne ndilo lenye "Sielewi kwa nini halianguki". Nalo limeanguka.

25 Novemba

Nimemleta fundi kutoka Makunduchi, mzee aliyefanya kazi za chokaa kwenye nyumba nyingi za mjini. Namjua kupitia kazi. Aliingia, akavua viatu ingawa ni ukumbi tu, akasoma bango la nne lililoegemezwa pembeni, lile la paa la Steere. Akalisoma hadi mwisho. Kisha akaukaribia ukuta akaubandika kiganja kama anayempima mtoto homa.

"Nani kakujengeeni huu?"

Nikasema sikuwapo. Akachota unga, akauonja vilevile nilivyofanya mimi, ikanipa moyo.

Maelezo yake, kwa jinsi nilivyoyaelewa: matofali yalipigwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi ikafungiwa ndani. Juu yake wakasiliba lipu ya saruji tupu, ngumu. Maji yanapanda kutoka chini, yanayeyusha chumvi, yanatafuta pa kutokea. Saruji haiyaachii njia. Yanakusanyika nyuma yake, chumvi inaganda, inavimba, inaisukuma lipu mpaka inaachana na ukuta. Na mimi nimekuja na plastiki, nimeziba hata pale palipobaki pa kupumulia.

"Na huku nje je?" akauliza. Tukatoka.

Kule nje, akina mama wa usharika wamepanda maua. Asumini, vilua, mkadi mmoja. Kila msimu wameongeza udongo na samadi, na sasa tuta limepanda juu kuliko sakafu ya ndani, limeegemea ukuta kwa urefu wake wote, na maji ya bati yanamwagikia hapohapo. Fundi akanitazama. Nikatazama pembeni. Mwenyekiti wa akina mama ni mama yangu mzazi.

28 Novemba

Mazungumzo ya maua. Sitayaandika yote. Shikamoo mama, marhaba, chai, halua, kisha maua. Alisema maua yalikuwapo kabla ya mabango. Nikasema ukuta ulikuwapo kabla ya maua. Alinyamaza kwa muda nikadhani nimeshinda, kumbe anaenda jikoni kuchukua kisu cha mnazi ili aanze kukata chipukizi za kuhamishia upande wa kaskazini, usiku uleule, kabla mvua haijarudi. Amechukua na taa ya simu yangu.

2 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio imepita bila mabango. Baba Mchungaji ametangaza kwa upole kwamba "yako njiani".

Kazi: tuta limeondolewa, tumechimba mfereji mdogo wa kokoto, mfereji wa bati umeelekezwa kwenye pipa. Lipu ya saruji imebanduliwa hadi usawa wa kifua. Vijana wa kipaimara ndio waliobandua, kwa nyundo na patasi, na kwa furaha niliyoiona mara chache kanisani. Tumepiga mswaki mkavu, tumefagia chumvi, tumeacha ukuta wazi. Siku za jua, milango yote miwili imefunguliwa.

10 Desemba

Chokaa. Fundi hakukubali ya mfuko. Ameleta yake kwenye mapipa mawili, iliyozimwa miezi mingi, imekaa chini ya maji, ukiikata kwa mwiko inakatika kama siagi. Aliwaonyesha vijana kipande cha jiwe lililochomwa tanuuni ambacho hakijazimwa: akakitia kwenye ndoo ya maji, akawaambia wasogee na wafumbe macho kidogo. Jiwe likatulia hesabu ya tatu, kisha likaanza kutokota, mvuke ukapanda, ndoo ikawa haishikiki. Hakuna moto uliowashwa. Binti wa seremala akauliza moto umetoka wapi. Akasema, "Ule wa tanuu. Jiwe lilikuwa limeuficha." Mwalimu wao wa sayansi angeeleza tofauti, lakini sikuwa na haja ya kumwita.

Mchanga wa shamba, umechekechwa mara mbili. Tabaka la kwanza jembamba, linakwaruzwa lishike la pili. Linanyunyiziwa maji asubuhi na jioni lisikauke kwa pupa, maana chokaa haigandi kwa kukauka tu, inagandishwa na hewa, taratibu. Likichomwa na jua linapasuka nyufa kama mkono wa mvuvi. Kwa hiyo tumetundika magunia mabichi madirishani, na zamu ya kunyunyizia ameigawa mama yangu. Jina langu lipo mara nne.

Nilimuuliza fundi kuhusu paa la Mkunazini. Kama saruji ni mbaya hivi, mbona ile ya Steere imekaa? Akaniambia sijamsikia vizuri. Saruji si mbaya, iko mahali pasipo pake. Kule juu inabeba, haina maji ya ardhi ya kuizonga. Hapa chini tumeiomba izuie maji, na maji hayazuiliki, yanasindikizwa. Aliingia Mkunazini mara moja tu, alisema, miaka mingi nyuma, kwa shughuli ya kazi. Alitazama paa mpaka shingo ikamuuma. Nikataka kujua alifikiria nini.

"Nilifikiri yule askofu hakuwa na mkwe fundi. Angekatazwa."

19 Desemba

Tabaka la mwisho ni neru, nyeupe, imesuguliwa. Ukuta bado una baridi ukiugusa na utaendelea kutoa chumvi kidogo kwa msimu mmoja au miwili, fundi ameshatuonya. Tutakuwa tunaifagia kwa ufagio mkavu na kupaka chokaa upya kila mwaka. Mabango hayagusi ukuta tena. Tumepigilia fito mbili za mkoko kwa urefu wote, mabango yananing'inia mbele yake kwa uzi, nyuma pana nafasi ya vidole vitatu upepo upite. Plastiki tumeitupa. La tatu na la nne yamechapwa upya, la pili limenusurika kwa kupigwa pasi, na lina doa kwenye "Helgoland".

Fundi alikuja kuangalia kazi yake, akapita mabango yote kwa zamu, mikono nyuma. Mbele ya la kwanza alisimama zaidi. Akaniuliza barua ya Seyyid Said iko wapi sasa. Nikamwambia sisi tuna habari yake tu. Akasema sawa, akaomba maji ya kunywa.

Yule kijana wangu ameomba kubandika karatasi yake ya Julai, ile ya penseli, chini ya bango la nne. Nimempa pini mbili. Ameibandika kwenye fito, akahakikisha haigusi ukuta.

Kesho asubuhi zamu ya kunyunyizia ni yangu tena.